Mkono Si Jina

Yule baba alikuja dirishani na kikapu cha halua, na mpaka leo halua siigusi.

Ilikuwa zamu yangu ya dirisha. Siku hizi sheria inataka kila kampuni inayoweka habari za watu iwe na dirisha la malalamiko lenye mtu hai nyuma yake. Si mashine, si sauti ya kuigiza. Mtu mwenye macho, anayeweza kutukanwa. Kampuni yetu haikutaka kuajiri mtu wa kutukanwa tu, basi ikatupanga wahandisi kwa zamu. Mimi, Saumu, niliyesomea kuzifundisha simu kutambua mikono ya watu, kila Alhamisi nilikuwa nakaa nyuma ya kioo pale Tanga mjini nikisikilizishwa kwamba sisi ni wezi. Wengine niliwabishia. Wengine niliona wana haki.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi." Alikuwa mtu mzima mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikapigika, kofia ya viua, udi unanukia mpaka upande wangu wa kioo. Akasukuma kikapu kwenye uwazi wa chini. "Hiyo mle na chai. Mnafanya kazi kubwa sana nyinyi watu."

Akajitambulisha kuwa ni Zuberi Mwinchande, mfanyabiashara wa mbao. Kisha akatoa simu akaigeuza nione.

"Taarifa zenu nazipata, nashukuru. Lakini ramani inaishia mtaani. Nyumba haionyeshi. Naomba unisaidie nione nyumba."

"Taarifa gani, baba?"

"Hizi hapa."

Nikasoma. *Mpendwa mwenye akaunti, mwanakaya wako wa pili amefungua chumba chake kwa kutumia kifaa kingine. Eneo: Mikanjuni. Tunafurahi amerudi!* Nikasoma tena, maana nilidhani macho yangu yana kasoro. Mimi ndiye niliyetengeneza vyumba vile vya ndani ya simu. Sikuwahi kuandika taarifa ya namna hiyo, wala hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ipo.

"Mwanakaya wa pili ni nani?"

"Si mke wangu? Katoka nyumbani tangu Rajabu. Ana matatizo kidogo ya kichwa, unajua tena. Simu yake kaiacha, ninayo." Akaupapasa mfuko wa kanzu. "Kumbe huko aliko anaazima za watu. Wallahi nilishakata tamaa, mwanangu. Nimezunguka kwa ndugu zake wote, nimeambulia kufungiwa milango. Halafu kampuni yenu ikaniletea habari mpaka mkononi, hata sijaomba. Taarifa ya kwanza ilitaja mkoa tu. Ya pili wilaya. Hii ya juzi mtaa."

"Mfumo unajifunza kadiri anavyofungua," nilisema. Ulimi ulinitangulia, nikatamani kuung'ata.

"Ndivyo nilivyodhani. Kwa hiyo ya leo itataja nyumba." Akatabasamu kwa upole kabisa. "Maana kufungua atafungua. Hawezi kupitisha magharibi bila kumsikiliza huyo somo wenu. Basi kama ramani haiwezekani, hakuna neno. Jioni nitakaa Mikanjuni penye kibanda cha chipsi, taarifa ikija inikute karibu."

Nikamwambia ramani ina hitilafu, arudi kesho. Akasema inshallah. Akanyoosha mkono kwenye uwazi ili tuagane, nikajifanya nahangaika na kikapu chake. Alipoondoka nilikichukua na halua yake yote nikakitia kwenye pipa la taka.

* * *

Ngoja nieleze hapa, ndipo mtajua kwa nini nilitaka kukivunja kile kioo.

Programu yetu inaitwa Msiri. Huku kwetu mwari ana somo wake, mwanamke mtu mzima anayemfunda, anayemwambia ya chumbani na ya moyoni. Anayoyasikia kwa mwari wake anakufa nayo. Lakini watu wametawanyika. Binti yuko Katavi, somo yuko Pangani, au kashazikwa. Msiri ikaziba pengo hilo. Nyuma yake wako masomo wa kweli, na mkubwa wao ni Bi Mkasi, ambaye kila jioni husoma darasa, na mwanamke yeyote nchini anaweza kumwuliza lolote akajibiwa.

Tatizo likawa simu. Nyumba zetu mnazijua. Simu haina mwenyewe. Mama kaishika, wifi kaichukua, jirani kapita, "Hebu simu yako mara moja." Na mwanamke akiifunga simu yake kwa neno la siri, hapo ndipo pa kuulizwa anaficha nini. Wengine wamepigwa mpaka wakalitaja.

Basi nikatengeneza Kiganja. Mgongo wa simu za sasa unahisi, unajua umeshikwaje. Kila mtu ana namna yake: anavyoilaza, dole gumba linavyobonyeza, anavyosita kabla ya kutuma, mtetemo mdogo ambao mwenyewe haujui. Ukishaandika mstari mmoja, Kiganja kimekujua na kimekufungulia chumba chako. Wifi yako akiichukua simu ile ile, anafunguliwa chake, na chako hajui hata kama kipo. Hakuna neno la siri la kukupiga ulitaje. Vipimo vya mkono wako ndivyo ufunguo, na vilikaa ndani ya simu tu, havikutoka. Sheria inakataza kuweka jina na namba ya mtu. Sisi hatukuweka jina wala namba. Pale mapokezi wameandika kwa herufi za shaba ukutani: MKONO SI JINA. Nilikuwa nikipita pale najiona mtu.

Sasa nikakaa kwenye kompyuta nikaanza kufukua, na kila nilipofukua hasira zilinipanda zaidi. Kuna watu walikuwa wamechukua mikono yote kutoka kwenye simu wakaipeleka kwenye seva. Wakakiita kipengele hicho Karibu Tena. Mwanamke akishika simu yoyote nchini, ya jirani, ya muuza maji, chumba chake kinamfuata. Na kwa kuwa akaunti za kaya zina mwenyewe aliyezifungua, wakaona ni adabu kumjulisha mwenyewe kwamba mtu wake amerudi. Adabu! Taarifa za wiki ile peke yake zilikuwa maelfu.

Nikaitafuta akaunti ya Mwinchande kwa zile taarifa alizonionyesha, nikaufungua mkono wa mwanakaya wake wa pili. Hakuna jina, ni safu za vipimo tu. Mkono wa kulia, dole gumba zuri, lina haraka. Halafu siku moja, ghafla, mkono wa kushoto. Wiki nzima kushoto, na iliyofuata, na nyingine. Kisha kulia ukarudi, dole gumba linabonyeza nusu ya nguvu yake ya zamani. Miezi inapita. Halafu kushoto tena.

Mashine ilikuwa imeona kidole cha mtu kikivunjwa, kikapona, kikavunjwa tena. Na pembeni, mara zote mbili, ilikuwa imeandika: *Mabadiliko ya kawaida. Mkono umesasishwa.*

Nilipiga meza mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaruka. "We Saumu, una nini?" Nilikuwa nimeshafika mlangoni kwa bosi.

* * *

Bwana Nyaulingo alikuwa anafunga begi. Ana treni ya kwenda Dodoma, ana mkutano, yeye siku zote ana mkutano. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akanisikiliza huku anakunja koti.

"Saumu, tulia kwanza."

"Situlii. Zima zile taarifa. Ufunguo wa taarifa unao wewe peke yako."

"Zimepitishwa na bodi, siwezi kuzizima kwa sababu mtu mmoja kaleta halua." Akaketi ukingoni mwa meza, akatumia ile sauti yake ya semina. "Hebu nikuulize. Huyo mama anaitwa nani?"

"Sijui."

"Mimi namjua?"

"Humjui."

"Namba yake tunayo?"

"Hatuna."

"Basi nani katoa siri ya nani? Hatuna jina, hatuna namba. Hatumjui mtu yeyote, Saumu. Ndiyo fahari yetu."

"Mumewe anamjua! Sisi hatumjui, lakini tunamwonyesha anayemjua mahali alipo! Unataka akiwa maiti ndiyo tumjue jina?"

"Usinipandishie sauti."

"Nitapandisha! Kavunjwa kidole mara mbili, mashine yako imeandika kawaida!"

Akatazama saa. Nikaona kabisa kwamba pale mbele yake nilikuwa kitu cha kumchelewesha tu. "Mtumie ujumbe, basi. Mwambie asifungue."

"Ujumbe ataupata wapi? Chumbani kwake. Akifungua kuusoma, taarifa inakwenda kwa mumewe. Umeidhinisha kitu hata hujui kinavyofanya kazi!"

Hilo lilimgusa. Halafu macho yakamng'aa, na mng'ao ule sikuupenda.

"Mtafute, basi. Uwezo si upo? Kwa mkono wake unapata simu alizozishika. Kwa simu unampata mwenye simu. Unapiga, unaomba uongee na mgeni wake. Dakika chache tu." Akavuta zipu ya begi. "Ukifanikiwa, nieleze ulivyofanya, hatua kwa hatua. Kuna watu wa bima wananiuliza kila siku kama huduma ya namna hiyo tunayo. Mengine tutayazungumza Jumatatu."

"Leo kabla ya magharibi, bosi. Jumatatu ya nini?"

"Na usiguse mfumo," alisema akiwa mlangoni. "Kuharibu mfumo wa umma ni kifungo, unalijua hilo. Ukibadilisha chochote bila mimi, sitakutetea."

Akaondoka. Nilisimama pale nikisikia magurudumu ya begi lake yakienda mpaka kwenye lifti. Sijawahi kumchukia mtu kwa utulivu namna ile.

* * *

Bi Mkasi alikuwa kwenye chumba cha sauti, anatafuna tangawizi ili koo liwe sawa kwa darasa la jioni. Mwanamke mnene, mweupe wa Kidigo, mwenye pini ya dhahabu puani na ulimi usiolipa kodi kwa mtu. Nikamsimulia. Nilipofika kwenye habari ya kidole alitema tangawizi.

"Mwanaharamu mkubwa. Na huyo bosi wako naye."

"Bi Mkasi, kuna mtu amewahi kukuambia habari za kuvunjwa kidole? Ambaye mumewe anafanya biashara ya mbao? Labda unajua..."

"Koma hapo hapo."

"Nataka kumwokoa."

"Nimesema koma. Aliyoniambia mwari wangu, au asiyoniambia, wewe hayakuhusu. Hata akija kadhi hayamhusu."

"Atakufa na siri yako, basi!" Nilimpigia kelele mtu anayelingana na mama yangu, na wala sikuona haya. "Utakwenda kwenye mazishi yake useme ulimtunzia siri?"

Hakukasirika. Alinivuta mkono nikakaa. "Nisikilize, mwanangu. Tuseme nimekwambia. Au tuseme umemtafuta kwa hiyo mitambo yako, ukampata. Yeye akipigiwa simu na mtu asiyemjua, mahali ambapo hakumwambia mtu kama yupo, atafanya nini? Atakimbia usiku huo huo, bila nauli, bila pa kwenda. Halafu bosi wako atakuwa ameshaonyeshwa njia. Kesho atamtafuta mwingine, keshokutwa atawauza wote. Wewe ndiye utakuwa umemfundisha."

"Na nikikaa kimya jioni yule baba anampata."

"Ndiyo."

"Sasa nifanye nini?"

Bi Mkasi akajifuta mdomo kwa upindo wa kanga. "Sisi mwari wetu tukimtoa nje baada ya kumfunda, tunajua barabarani kuna macho mabaya. Kuna aliyemtaka akakoseshwa, kuna mwenye husuda, kuna mchawi. Je, tunambakiza ndani? Hatumbakizi. Tunavaa sare. Wote kanga moja, doti moja, waume wa shoga zake watoe pesa wanunue, hakuna kisingizio. Tunajifunika gubigubi, yeye katikati, tunatoka tukiimba. Mwenye macho mabaya na ayatoe. Atamjua yupi?"

Akatia kipande kingine cha tangawizi mdomoni.

"Sare," nikasema.

"Sare. Mitambo yako haivai sare?"

Inavaa. Ndani ya Kiganja kuna kipimo cha kufanana. Ndicho kinachoamua mkono huu ulioshika simu sasa ukaribiane kiasi gani na mkono uliohifadhiwa ili tuseme ni mtu yule yule. Tumekikaza sana ili wifi asichanganywe na wifi. Nikikilegeza mpaka mwisho, kila mkono utafanana na wa kwanza kwenye orodha. Na nikiuweka wa kwanza mkono wa mwanakaya wa pili wa Mwinchande, kila mwanamke atakayeshika simu popote nchini, mfumo utasema ni yeye. Taarifa zote zitakwenda kwa Mwinchande mmoja. Wenye akaunti wengine hawatapata kitu, kwa sababu kwa macho ya mashine wanawake wao hawapo tena.

"Si ungemfuta huyo mmoja tu?" Bi Mkasi aliuliza nilipomweleza.

"Mkono mmoja ukipotea mfumo unadhani ni hitilafu, unaurudisha kutoka kwenye nakala. Na hao wengine wanaokimbia wangebaki. Lakini mikono yote ikibadilika kwa pamoja, unadhani ni sasisho. Na nakala nazo zinabadilishwa."

"Basi fanya. Unangoja nini?"

Nilikuwa nangoja kupata nguvu ya kusema lililobaki. "Vyumba vimefungwa kwa mikono, Bi Mkasi. Mkono ndio ufunguo, na hakuna mwingine, nilikataa kuweka mwingine ili hata sisi tusiingie. Nikiivalisha mikono yote sare, vipimo halisi vinafutika, hata vya yule mama, na hakuna chumba kitakachofunguka tena. Vyote. Wanawake laki nne na ushei. Walichoandika humo, picha, sauti, kila kitu. Hakirudi."

Akaacha kutafuna. Nje ya dirisha droni iliyobeba mzigo wa dukani ilipita ikivuma, ikateremka kwenye paa la jirani.

"Wengine wameweka mambo ya maana humo," alisema.

"Najua."

"Hatuwezi kuwauliza kwanza?"

"Kuwauliza ni mpaka wafungue. Na wakifungua..."

"Basi, basi, nimeelewa." Akainama, akajishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Watakulaani, Saumu. Wengine watakulaani kwa haki."

"Wewe ungefanya?"

"Usinitwishe. Mimi nimekwambia habari za kanga, nyuzi unazishika wewe." Lakini akainuka, akasafisha koo, akavaa vipokea sauti masikioni. "Adhana ya alasiri imeshatoka. Kama unafanya, fanya kabla sijaanza. Mimi leo nitasoma darasa la kumpa mume usingizi. Hilo hakuna mwanamke asiyelifungua."

Nilirudi kwenye meza yangu. Nililegeza kipimo. Niliupandisha mkono wake juu ya orodha. Nikabonyeza. Kwenye kioo pakatokea maneno yale yale, safari hii ya watu wote: *Mabadiliko ya kawaida. Mikono imesasishwa.* Sikushangilia. Niliwafikiria wale laki nne, na nilikuwa nimemkasirikia kila mtu aliyenifikisha pale, na mimi mwenyewe nikiwemo.

Darasa likaanza. Sauti ya Bi Mkasi ikajaa ofisi nzima, tamu, ya kejeli, na kwenye ramani ya ukutani vitone vikaanza kuwaka. Mbinga. Kasulu. Wete. Makambako. Mikanjuni pia, sijui vingapi, vilikuwa vimerundikana na sikuvisogeza nivione vizuri.

* * *

Ijumaa haikuwa zamu yangu lakini niliiomba. Nilijua atakuja.

Alikuja bila halua. Kanzu ile ile ya jana, sasa imekunjamana, na simu mkononi inanguruma bila kupumzika.

"Nini hii?"

"Shikamoo, baba."

"Achana na shikamoo! Tangu jana jioni hailali. Inasema mke wangu yuko Kasulu. Inasema yuko Unguja. Yuko Songea, yuko Babati, yuko Kilwa, saa ile ile moja! Hapo Mikanjuni tu kafungua kwenye nyumba zaidi ya thelathini! Nimegonga mlango wa kwanza, katoka ajuza, ananiuliza nataka nini!"

"Mfumo unasema ni mkeo, baba. Mfumo wetu haukosei. Wewe mwenyewe ulitushukuru."

"Nizimie!"

"Kuzima ni kufunga akaunti. Ukiifunga hutapata taarifa zake tena maisha. Nifunge?"

Hapo ule upole ukamtoka wote. Alikipiga kioo kwa ngumi, akanitukana matusi ya mama yangu, akasema atampata tu, na akimpata atamfanya vile na vile. Maneno hayo siyaandiki. Watu wote kwenye foleni walisikia, na mlinzi naye akasikia. Nikangoja amalize pumzi. Halafu nikamwambia maneno yake yamerekodiwa na dirisha, kama sheria inavyotaka, na kwamba hapa hapa mtaa wa pili kuna polisi. Kisha akaizima simu, akaondoka, na nilimwona anavuka barabara bila kuangalia magari.

Nilitaka kucheka. Kwa kweli nilishaanza kucheka, peke yangu, nyuma ya kioo.

"Wewe unacheka nini?"

Mtu wa nyuma yake kwenye foleni alikuwa mwanamke mrefu, mtandio wa kijani, beji ya shule ya msingi shingoni. Mwalimu. Aliweka simu yake kwenye uwazi taratibu sana.

"Chumba changu hakifunguki. Kinaniambia karibu, mgeni. Mimi si mgeni, nina mwaka humo."

Kicheko kilinikauka. "Pole, dada. Kulikuwa na..."

"Nina sauti za mume wangu humo, za miezi yote. Nina picha za mgongo wangu. Nimeziweka humo kwa sababu mlisema hakuna mkono mwingine utakaofika. Nyumbani ningeweka wapi? Ana kesi Jumanne. Wakili anasema bila zile sauti ni neno langu na neno lake." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nifungulieni."

Ningeweza kusema ni hitilafu. Neno lilikuwa mdomoni kabisa, la kazi, la kila Alhamisi.

"Hakifunguki tena," nilisema. "Si hitilafu. Nimekifunga mimi."

Nikamweleza kwa kifupi. Yule baba aliyempisha sasa hivi, mkewe, taarifa, maelfu ya wengine, sare. Alinisikiliza bila kupepesa. Nyuma yake foleni ilikuwa imetulia.

"Kwa hiyo umemwokoa mwenzangu."

"Nadhani. Sijui ni nani. Sitajua."

"Na mimi?"

Nikaitazama simu yake pale kwenye uwazi.

"Uliniuliza? Ulimtuma mtu aniulize? Hao wakubwa wako waliupeleka mkono wangu sijui wapi bila kuniuliza, na wewe umeuchukua umeuvalisha kanga bila kuniuliza. Tofauti yenu ni nini? Niambie, maana mimi siioni. Wao wanajua zaidi, na wewe unajua zaidi, na mgongo ni wangu!"

Hapo ndipo alipopiga kelele, na kelele ile ilinistahili. Nilikaa nikaisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimewakasirikia wenzangu siku mbili mfululizo, na yeye alikuwa ananikasirikia mimi, na kila neno lake lilikuwa la kweli.

Aliponyamaza nilitoka nyuma ya kioo. Haturuhusiwi kutoka. Nikasimama mbele yake.

"Naitwa Saumu Kihiyo," nilisema. "Mtoto wa Mzee Kihiyo wa Muheza. Nakaa Makorora, nyuma ya soko, ukiuliza mhandisi utaonyeshwa. Seva bado inaonyesha kwamba chumba chako kilikuwepo, kilijaa tarehe zipi, na sauti ngapi ziliingia. Zilisema nini haionyeshi. Jumanne nitakuja nile kiapo kwamba zilikuwepo, na kwamba mimi ndiye niliyeziharibu."

"Kuharibu mfumo ni kifungo. Hata sisi walimu tunajua."

"Ni kifungo."

"Ukisema mbele ya hakimu watakukamata hapo hapo."

"Ndiyo."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Nilingoja anionee huruma, sitaki kusema uongo, nilingoja. Hakunionea.

"Vizuri," alisema akichukua simu yake. "Saa tatu asubuhi, mahakama ya mwanzo. Usichelewe."

"Nitamwulizia nani?"

Alikuwa ameshageuka, anajifunga mtandio wake.

"Jina langu utalisikia likiitwa," alisema.